Acheni Kupanda Mikoko, Fungueni Maji Kwanza

Wasee, leo hakuna vidio. Leo ni maandishi, na ni marefu, kwa hivyo tafuta kivuli ukae.

Nianze na kosa langu mwenyewe, kabla hamjalichimbua kwa komenti.

Ile vidio ya mikoko iliyonifanya mnijue wengi wenu, ile ya droni, vijana wamevaa fulana nyeupe, matope hadi magotini, muziki mtamu, miche imesimama safu safu kama askari wa gwaride, ile vidio ni uongo. Si uongo wa kutengenezwa kwa kompyuta. Miche ilikuwa ya kweli, matope ya kweli, jasho la kweli. Uongo ni ile ahadi niliyoandika chini: "Tunarudisha msitu wetu." Hatukurudisha kitu. Leo pale hakuna msitu. Kuna vijiti.

Wakati ule nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha, basi, hakuna stori ndefu. Nikarudi nyumbani Kililana na simu moja na deni. Watu fulani wenye pesa, sitawataja, wakanitafuta nishuti siku yao ya kupanda mikoko. Walikuja na mahema, maji ya chupa, mgeni wa heshima na keki yenye picha ya mti. Nililipwa vizuri. Ndiyo hela ya kwanza ya maana niliyowahi kumpa mama yangu mkononi, na ndiyo maana imenichukua muda mrefu kuandika haya.

Babu yangu alikuwa amesimama pembeni siku hiyo, mikono nyuma. Ujanani alikuwa mkata boriti, halafu akawa mvuvi wa malema. Nikamwelekezea simu, nikamwambia, "Babu, sema neno kwa vijana." Akasema kwa Kiamu chake, "Mai yana ndia yake." Maji yana njia yake. Nikasubiri aendelee. Hakuendelea. Nikaikata ile sehemu wakati wa kuhariri kwa sababu niliona haina ladha.

Mwaka ulipopita nikarudi pale nishuti "kabla na baada". Nilitembea safu ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilipata mche mmoja wenye majani mawili, umeegemea chupa ya plastiki. Iliyobaki ilikuwa mikavu, na chini yake udongo umefanya ganda jeupe la chumvi, ukikanyaga unasikia unavunjika kama kaki. Sikushuti. Nilikaa chini, nikampigia babu simu, akaja na bakora yake, na siku hiyo ndiyo alinipa somo ambalo chuo kizima hakikunipa.

Alinionyesha tuta. Mimi nimelipita hilo tuta maisha yangu yote nikidhani ni sehemu ya ardhi. Kumbe ni njia aliyomwaga mkandarasi mmoja zamani, mawe na udongo, lori zipite zichukue mchanga. Kazi ikaisha, lori zikaenda zake, tuta likabaki. Upande wa bahari kuna maji. Upande wa pili ndipo tulipopanda. Kabla ya tuta, babu anasema, hapo palikuwa na hori, mkono mwembamba wa bahari uliopinda ukaingia ndani ya mikoko. Bamvua ikija, maji yalijaa mpaka kwenye miguu ya michu ya nyuma kabisa. Yakikupwa, mama zetu walishuka na khanga mbili wakakinga kamba. Tuta lilipowekwa bila hata bomba moja la kupitisha maji chini yake, hori likafa. Likishakufa hori, mikoko ikafuata. Mikoko ilipokwisha, sisi tukaja na keki.

Umeona tulichofanya? Tulimkuta mgonjwa amekabwa koo, tukamvisha nguo mpya.

Sasa nitaongea na nyinyi wa Nairobi, Mombasa, Dar, popote mlipo, mnaopenda hizi hashtegi za kijani. Mkoko si mwarobaini wa uani, uuchimbie shimo, uumwagilie, umalize. Mkoko unaishi kwa saa ya bahari. Maji yaje, maji yaondoke, mara mbili kwa siku au angalau kila bamvua, kutegemea ni aina gani. Na aina zina mahali pake. Mbele kabisa, uso kwa uso na bahari, unasimama mlilana. Litamke jina la kijiji changu taratibu, Ki-li-la-na, utamsikia mlilana humo ndani. Nyuma yake mkoko wenyewe wenye mizizi iliyopinda kama matao. Halafu mkandaa. Mchu unavumilia chumvi kali, huo utaukuta hata nyuma kabisa. Mlilana na mchu hutoa mizizi midogo inayochomoza juu ya tope kama vidole, ndiyo inayovuta hewa. Ukituamisha maji siku zote, vidole vinazama, mti unakosa pumzi. Ukizuia maji kabisa, jua linakausha, chumvi inapanda, mti unaungua kwa chini. Kwa hivyo hakuna mche, hata ungebarikiwa na waziri, utakaoishi mahali ambapo maji yamekatazwa kufika.

Hii si hekima ya babu yangu peke yake. Sri Lanka walipigwa na tsunami mwaka 2004, dunia ikamwaga pesa za kupanda mikoko. Watafiti walirudi kukagua maeneo 23 yaliyopandwa, wakachapisha walichokiona mwaka 2017. Katika maeneo 9 kati ya hayo 23 hakukuwa na mche hata mmoja uliobaki. Hata mmoja! Ufilipino nako wamepanda kwa miongo, na sehemu kubwa ilikufa kwa sababu ilipandwa mahali rahisi kupata, yaani kwenye tope tupu la mbele na kwenye nyasi za bahari, ambapo mikoko haikuwahi kuwepo. Kwa nini hapo? Kwa sababu hapo hapana mwenyewe wa kugombana naye. Na picha inatoka safi.

Kule Florida, Marekani, mwanasayansi Robin Lewis alitumia maisha yake kusema jambo moja: rekebisha maji kwanza. Mahali paitwapo West Lake walishusha udongo uliomwagwa juu, wakachimba upya njia za maji, bahari ikaingia. Mbegu zikaja zenyewe zikielea. Mbegu za mkoko mnazijua, zile ndefu kama sigara zinazoning'inia mtini. Zimeumbwa kusafiri majini na kuota zinapokwama. Lamu hatuna uhaba wa mbegu. Kaunti hii peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mbegu zinapita mbele ya lile tuta kila siku, zinagonga mawe, zinarudi baharini. Halafu sisi tunanunua miche kwenye mifuko ya plastiki tukaipande nyuma ya ukuta. Jamani.

Niende mbali kidogo. Mnamjua salmoni, yule samaki wa rangi ya chungwa kwenye sushi mnazopostia. Salmoni huzaliwa mtoni, huenda baharini kukua, halafu hurudi mtoni kuzaa. Mto Klamath, kati ya Oregon na California, ulijengwa mabwawa ya umeme, samaki wakakosa njia. Mwaka 2002 walikufa makumi ya maelfu kwa mkupuo mmoja mtoni humo, maji yakiwa machache na ya moto. Watu wa kabila la Yurok na jirani zao, wavuvi wa asili wa pale, hawakuomba vifaranga vya kupandikiza wapigwe picha navyo. Walidai ukuta uvunjwe. Waliandamana, wakaenda mahakamani, wakachekwa, wakazeeka wakidai. Kufikia mwaka 2024 mabwawa manne yalikuwa yamebomolewa. Na mwaka huohuo, wiki chache tu baada ya kazi kwisha, salmoni walionekana juu ya pale palipokuwa na ukuta. Hakuna aliyewaonyesha njia. Njia ilifunguliwa tu.

Sisi hatuna salmoni. Tuna changu, tafi, tewa, mkizi, kamba na kaa wa matope. Lakini sheria ni ileile. Wengi wa hawa huanza maisha kwenye mizizi ya mikoko na nyasi za bahari, wakiwa wadogo kama ukucha, wakijificha wasiliwe. Kule Gazi, Kwale, watafiti waliwahi kuingia kwenye mililana iliyopandwa upya wakahesabu samaki wachanga na kamba humo ndani. Waliwakuta wanaitumia. Kwa hivyo mimi sisemi kupanda ni haramu. Gazi walipanda, na tangu mwaka 2013 wana mradi wa Mikoko Pamoja unaouza hewa ya ukaa, hela inaenda kwenye maji ya kijiji na shule. Lakini Gazi maji yanafika! Na wenye msitu ndio wanaoutunza, hawaletwi na basi asubuhi wakarudishwa jioni.

Sasa nataka kujibu watu watatu, kwa sababu nawajua wanakuja.

Wa kwanza atasema: "Bora kupanda kuliko kukaa bure." Hapana, ndugu. Kupanda pasipofaa si bure, kuna bei. Pesa iliyolipa mahema, fulana, mgeni na mimi, ingenunua mabomba ya kupitisha maji na siku chache za mashine ya kuchimba. Ukipanda juu ya nyasi za bahari umeharibu malisho ya tafi na kobe ukidhani unaokoa. Na bei kubwa kuliko zote ni hii: mkubwa akishapigwa picha na mche, suala limefungwa. Ripoti imeandikwa, "mikoko imerudishwa". Nani tena atasikiliza kijiji kikisema hori bado limefungwa?

Wa pili atasema: "Wewe unapinga maendeleo, unapinga bandari." Sikilizeni. Bandari ya Lamu iko hapa Kililana, mlango wetu wa mbele. Mwezi Machi 2012 marais walikuja kuzindua mradi wa LAPSSET, mimi nikiwa mtoto wa kupeperusha bendera. Mpango wa mwanzo ulikuwa gati 32. Gati ya kwanza ikafunguliwa Mei 2021. Mlango wa bahari ulichimbwa meli kubwa ziingie, maji yakachafuka, mikoko ikakatwa, na wavuvi wa madau madogo wakaambiwa waende bahari kuu kwa vyombo ambavyo haviwezi bahari kuu. Si mimi niliyesema kwamba haki zilivunjwa. Ni Mahakama Kuu kule Malindi, mwaka 2018. Ilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni wao imekiukwa, ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Upande wa pili ukakata rufaa. Wazee kama babu wamejifunza neno rufaa wakiwa na miaka sabini.

Lakini hata hiyo fidia, tuiangalie vizuri. Ni malipo ya kilichopotea. Haitaniletea kamba kwenye khanga ya mama. Mtu mzima akipewa hela ya mashua na injini, anakwenda kuvua wapi, kama pale samaki anapokulia pamezibwa? Na hapa ndipo vijana tunapokosea. Tumeng'ang'ana kuuliza hela itatoka lini, hatuulizi maji yatafunguliwa lini. Bandari ishajengwa, haiondoki. Hori langu linaweza kufunguliwa kesho, na hakuna meli hata moja itakayochelewa kwa sababu hiyo.

Wa tatu, huyu ndiye kipenzi changu, atasema: "Wewe uliacha shule, unajua nini?" Ni kweli. Sina digrii. Nina babu anayejua kila pindo la hori ambalo ramani ya leo hailionyeshi. Watu wenye digrii walikuja pale na vishikwambi vyao, wakapima urefu wa miche, hakuna aliyegeuza kichwa kutazama tuta. Sidharau elimu, ningekuwa na karo ningemaliza. Lakini msomi anayeanza kazi bila kumuuliza mzee wa pale "maji yalikuwa yanapita wapi?" hajaanza utafiti bado. Na hilo swali ni la bure.

Mimi naona tatizo ni hesabu. Tunahesabu kitu kisicho sahihi. Serikali imesema miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, Novemba 2023 tukapewa hata siku ya mapumziko tukapande. Nia nzuri. Lakini ukishaweka idadi ya miche kama lengo, kila mtu atakuletea miche. Shule italeta, benki italeta, kaunti italeta. Hakuna atakayekuletea mti wa miaka mitano, kwa sababu huo hauombwi. Mtu akihesabiwa alichochomeka, atachomeka. Akihesabiwa kilichobaki hai, atajifunza kuhusu maji.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayotaka, na nayasema wazi ili mtu asije akasema nilikuwa napiga kelele tu.

Kwanza, kabla ya mche hata mmoja kuingia matopeni Lamu, ijulikane mikoko ya hapo ilikufa kwa nini. Kama haikuwahi kuwepo, ondokeni. Kama iliuawa na tuta, ondoeni tuta au likatwe, muweke mabomba mapana maji yapite, mfukue njia ya hori lilivyokuwa. Wazee waitwe, walipwe posho kama wale wataalamu wanavyolipwa.

Pili, kila anayepanda aache pesa ya kuangalia kwa miaka mitano, na wanaoangalia wawe watu wa palepale. Kina mama wanaochota kamba na vijana wa madau wanajua kuhesabu.

Tatu, tuhesabu samaki. Mnataka kujua kama hori limepona? Msiniletee picha ya juu ya droni. Nileteeni mama mwenye khanga mbili wakati maji yanakupwa, tuone amekinga nini.

Na nyinyi mnaotengeneza kontenti kama mimi, tusijifanye tuko nje ya hili. Bila sisi, zile sherehe hazina maana. Hakuna mtu analipa mahema kwa ajili ya kaa wa matope. Wanatulipia sisi, macho yetu, na macho yenu nyinyi mnaotazama. Tukikataa kushuti upandaji wa uongo, watalazimika kufanya ule wa kweli au wakae majumbani mwao. Ukiitwa, uliza maswali matatu tu kabla ya kutaja bei: Hapa palikuwa na mikoko? Iliuawa na nini? Hicho kilichoiua kimeondolewa? Wakibabaika, rudisha simu mfukoni.

Mwezi uliopita walewale walinipigia tena. Wanataka "awamu ya pili", palepale, nyuma ya tuta lilelile. Bei wameongeza. Niliuliza yale maswali matatu. Yule dada upande wa pili alikuwa mpole, akaniambia, "Hayo ni ya wahandisi, sisi ni wa mawasiliano." Nikamwambia basi nitawangoja wahandisi. Hajanipigia tena, na deni langu bado lipo, sitawadanganya kwamba nilijisikia shujaa. Nilijisikia vibaya. Mama aliuliza kwa nini nimekataa kazi, nikampeleka kwenye tuta nikamwonyesha. Akasema, "Mimi nilikuwa navua hapa nikiwa na mimba yako." Mimi sikuwahi kujua hilo.

Ile vidio sitaifuta. Nimeibandika juu kabisa, na chini yake nimeweka picha ya leo ya mahali palepale, pamoja na zile sekunde nne nilizozikata, za babu akisema maji yana njia yake. Itazameni zote mbili. Halafu Jumamosi hii, sisi wachache tunapeleka barua kwenye ofisi ya kaunti na ya misitu tukiomba tuta lipimwe na likatwe. Barua ni ukurasa mmoja, haitaji mche hata mmoja. Kama uko Lamu, njoo utie sahihi. Kama uko mbali, tafuta tuta la kwenu. Lipo. Mara nyingi limekaa hapo mpaka watu wamelisahau, na mbele yake kuna kibao kinachosema miti ilipandwa hapa.